Gari Liliposema Halioni

Palikuwa na dereva wa hospitali ambaye wenzake walimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Miaka thelathini na moja kwenye usukani, hajawahi kugonga hata kuku. Alijisifu kwa hilo, tena sana, na mimi simlaumu. Wangapi wanaweza kulisema?

Lakini kwenye sifa hiyo ndipo alipojifunga. Mwaka uliopita mtoto wa jicho alimwingia, macho yote mawili, akawa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kupitia dirisha la bafuni. Aliyejua ni mkewe peke yake, naye alimsihi aende akatibiwe mpaka akachoka. Taratibu alikataa katakata. Dereva asiyeona ni dereva wa nini? Angemwaga unga siku hiyo hiyo. Siku ya madereva kupimwa macho alijipanga mwisho wa foleni, akawasikiliza wenzake wakizisoma zile herufi za ukutani, na zamu yake ilipofika akazitiririsha kama maji. Akili anazo, jamani, ila hapo alizitumia vibaya.

Ndipo likaja gari jipya. Lilikuwa na kamera nyuma ya kioo cha mbele. Mtu akikatiza, lililia na kushika breki lenyewe, na ukianza kutoka nje ya mstari, usukani ulikurudisha. Madereva wengine walinung'unika kwamba linawafundisha kazi. Taratibu alilipenda kama mboni ya jicho. Mjini, penye lami na mistari myeupe, lilimwonea kila kitu, akajiambia Mungu amempa macho ya akiba. Fundi aliyelileta alisema wazi kwamba kwenye barabara mbovu wasilitegemee. Maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Asubuhi moja akatumwa kumpeleka mkunga kwenye zahanati ya mbali, safari ambayo nusu yake ni njia ya udongo. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Lami ilipokwisha, mistari nayo ikaisha. Lori likawapita na kuwamwagia tope kioo kizima. Waipa zilifuta, lakini pale juu penye kamera tope likaganda. Kwenye dashibodi taa ndogo ya kijani ikazimika, ikawaka ya njano yenye maandishi. Taratibu hakuiona. Alichojua ni kwamba gari limenyamaza, na kwake kimya kilikuwa na maana moja tu, njia nyeupe. Akaongeza mwendo.

"Kaka, kuna mtu!" mkunga akapiga kelele.

Mama mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye madumu ya maji, amekuja katikati ya njia kukwepa dimbwi. Taratibu alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likateleza, likaenda upande, likasimama pua yake ikikaribia kugusa gurudumu la baiskeli. Yule mama aliwatazama, akatikisa kichwa, akaendelea kusukuma. Hakuwatukana, na hilo lilimuuma Taratibu kuliko matusi.

"Mbona halikulia?" Taratibu aliuliza.

"Si limeandika hapa, kaka? Tangu kule nyuma."

"Limeandika nini?"

Hapo mkunga akaelewa. Hakumkaripia. Alimsomea polepole, kama anavyowasomea wagonjwa wake vyeti: kamera haioni, dereva awe mwangalifu.

Aibu ilimshika Taratibu mpaka masikio yakawaka moto. Gari la juzi tu limesema halioni, tena mbele ya abiria, na yeye mtu mzima amelificha neno hilo mwaka mzima.

"Na mimi sioni, dada," akasema. Akalia, mikono ingali kwenye usukani.

Mkunga alikuwa na leseni. Alishuka, akazunguka kwenye tope, akamfungulia mlango. Taratibu akahamia kiti cha abiria, hajui mikono aiweke wapi. Walipoondoka akaanza kumwelekeza. Mbele kuna shimo, kaa kulia. Ukiipita shule, kuna jiwe kushoto. Daraja lile lina ubao uliovunjika. Yote yalikuwapo, kama alivyosema.

"Kaka, unayaonaje haya yote?"

"Siyaoni. Nimeyakariri. Mwaka mzima ndivyo nilivyokuwa nawaendesha."

Mkunga alipunguza mwendo, ingawa hapo njia ilikuwa imenyooka na haina mtu.