Mtetemo wa Kilomita Tisini

Fundi Sikio alipewa jina hilo ujanani. Gari likipita nje ya gereji, yeye yuko ndani anakula, alikuwa anakutajia ni silinda ya ngapi inayokohoa. Lakini miaka thelathini na ushei ya nyundo na mashine za kusaga chuma ilikuwa imelila sikio lile kidogo kidogo, na hilo alikuwa hajamwambia mtu. Watu wakisema naye, alitazama midomo. Simu alimwachia binti yake mkubwa, fundi mwenzake, akisingizia kuwa mikono ina grisi.

Asubuhi moja mkunga wa zahanati aliingia na pikapu yake, uso umemvimba kwa hasira.

"Fundi, gari hili litaning'oa meno! Mjini limetulia tuli. Nikishika barabara kuu, likifika tisini tu, linatetemeka kama lina homa. Likizidi mia na kumi, linapoa."

"Tangu lini?"

"Yapata miezi miwili. Nimenunua matairi mapya mawili, nimebalansi magurudumu mara mbili. Wapi!"

"Usukani unatikisika?" binti aliuliza.

"Usukani hata kidogo. Ni kiti, mwanangu. Nikifika kazini mgongo si wangu."

"Basi shida iko nyuma," binti alimwambia baba yake.

"Huenda. Tusibahatishe."

Walitoka wawili, binti kwenye usukani, mkunga akisubiri gereji. Kwenye tisini, kiti kilianza kucheza. Sikio aliinama, akaweka kiganja sakafuni na kufumba macho. Akamwashiria binti atoe gia. Injini ikashuka sauti, gari likaserereka lenyewe, na mtetemo ukabaki palepale. Injini haina kesi, basi. Waliporudi, walibadilisha magurudumu, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, wakaenda tena. Kama kosa lilikuwa la gurudumu, lingehamia kwenye usukani. Halikuhama. Ikabaki propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma.

Waliinua gari, Sikio akaingia chini kwa mgongo. Alitikisa krosi, vile viungio vya propela, moja moja: zimekaza. Beringi ya katikati: nzima. Akaizungusha propela polepole kwa mkono, na hapo ndipo alipoona. Uma za chuma za miisho miwili zilipaswa kukaa sambamba. Hizi zilikuwa zimepishana. Propela ilikuwa imefunguliwa pale inapoungana, ikarudishwa imeruka meno mawili.

Binti alichungulia. "Kuna bwege alifungua hapa akarudisha ovyo. Hata alama ya rangi hakuweka!"

Sikio alibaki amelala pale, macho juu, kwa sababu bwege huyo alimfahamu. Miezi miwili nyuma pikapu hii ililetwa ikivuja oili kwenye giaboksi. Binti hakuwepo siku hiyo. Sikio aliishusha propela peke yake, akabadilisha sili, ule mpira wa kuzuia oili, akairudisha kwa haraka. Na hakwenda kuijaribu barabara kuu. Aliizungusha mitaani tu, akasema iko sawa.

Barabara kuu alikuwa ameikimbia. Kuna siku lori lilimpigia honi weee, asilisikie mpaka kivuli chake kilipomfunika. Tangu hapo magari yote aliyajaribu mitaani.

Angeweza kunyamaza. Mkunga hakujua kuwa kubadilisha sili ni mpaka ushushe propela, na binti alishamtupia lawama mtu asiyekuwepo. Ilikuwa ni kugeuza meno mawili tu, kukaza, na kupokea shukrani.

Alitoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeirudisha vibaya siku ile ya oili."

Mkunga alimkodolea macho. "Na matairi yote yale nikanunua! Kwa nini hukulijaribu, fundi?"

"Niliogopa barabara. Sisikii vizuri siku hizi."

Binti aliweka spana chini.

"Husikii?" alisema. "Baba, mwaka mzima nakusemesha unanipa mgongo. Nilidhani umechoka na mimi."

Hilo lilimchoma kuliko propela. Alimshika bega kwa mkono wake mchafu, naye binti hakuutoa.

Waliirudisha propela pamoja, binti akihesabu meno kwa sauti. Mkunga aliliendesha mwenyewe, wao wawili wamebanana pembeni yake. Tisini. Mia. Kiti kimetulia. Aliporudi alikuwa bado amenuna, lakini alimwambia Sikio, "Kesho saa tatu uje zahanati nikuandikie karatasi ya kwenda kupimwa masikio. Usiponiona, niulizie. Na usipokuja, nitakufuata hapa."

Alikwenda. Waliompima walisema kilichopotea hakirudi, wakampa kifaa kidogo cha kuvaa. Wiki ya kwanza alikivua kila saa, akilalamika kuwa mabati yanapiga kelele na kwamba yeye mwenyewe anatafuna kama ng'ombe. Barabara kuu sasa ni ya binti. Sikio hukaa kando yake, kiganja sakafuni, na wakati mwingine wanabishana njia nzima kuhusu kitu ambacho mmoja amekisikia na mwingine amekihisi.