Usingizi Chini ya Cherehani

Asubuhi za kijiji cha Kibirichia, miaka ile ya Hali ya Hatari ya mkoloni, ukungu ulishuka ukafunika handaki lililokizunguka, miti iliyochongwa ncha na mnara wa askari, hata Karwirwa akadhani yumo katika boma lake la zamani, kabla halijachomwa. Kisha kipenga kililia, na wanawake wakatoka na majembe kwenda kuchimba bila ujira. Mumewe, Mwirigi, alikuwa kizuizini. Binti yao Nkatha alikuwa hajaota meno.

Kazi ilitoka kwa Hinda, mke wa Msomali mwenye duka la nguo mjini Meru, aliyetafuta mtu wa kushona kanzu. Karwirwa alikuwa amejifunza kushona misheni. Chifu alimpa pasi ya kukaa mjini. Ya mtoto hakutoa. Basi Nkatha akabaki kijijini na Kanyua, mamake Mwirigi.

Kule mjini Karwirwa aliishi kama aliye ndotoni. Cherehani ilinguruma kama mvua ya mbali, kitambaa cheupe kikitiririka chini ya vidole vyake kama maziwa, na maziwa yake mwenyewe yakilowesha blauzi, mpaka yakakauka.

Alipopata ruhusa ya kwenda nyumbani, Nkatha alikuwa anatambaa. Alimtazama mamake, akajificha nyuma ya Kanyua.

"Ananiogopa, mama," Karwirwa akasema.

"Hata baba yake aliniogopa mimi. Nilikuwa nikivuna kwa mzungu kule Timau, nimemwachia mke mwenzangu. Alipoanza kutembea sikuwepo. Nilisimuliwa tu, kama habari ya mtoto wa jirani." Kanyua akamwinua Nkatha, akamfunga kwa leso mgongoni mwa mamake. "Mchukue."

"Na pasi je?"

"Chifu niachie mimi."

"Na wewe utabaki na nani?"

Kanyua alikaza fundo la leso, akalikaza tena.

Aliyomwambia chifu hakuyasema kwa mtu, ila hakuna askari aliyekuja dukani kuuliza.

Hinda alipomwona mtoto alitandika mabaki ya vitambaa chini ya cherehani. "Alale hapo. Wangu wote walilala hapo."

Nkatha alimlilia nyanyake siku nyingi. Kisha asubuhi moja akaushika mguu mmoja wa mamake, asiuachilie. Karwirwa akaendelea kukanyaga cherehani kwa ule mwingine, taratibu, machozi yakidondokea kanzu ya mtu.

Mwirigi aliachiliwa wakati viazi vinachanua. Aliwafuata mjini, binti yake akamsalimu kwa Kisomali. Akaketi mlangoni mwa duka kutwa nzima, akitazama gurudumu la cherehani likizunguka.

"Tutarudi nyumbani lini?" akauliza hatimaye.

"Jumamosi," Karwirwa akasema. "Na Jumatatu nitarudi kazini. Wewe utamsaidia mama na viazi."

Mwirigi akainama, akaikusanya kanzu iliyokuwa ikiburuta sakafuni, akamshikia mkewe aliyekuwa akishona.