Kopo Moja, Majibu Mawili

Clifford Haslam alikuwa fundi wa mapaa, na kwa miaka arobaini hakuna paa la mji wa Bacup, Uingereza, lililomshinda. Alipanda mpaka juu ya mnara wa kanisa upepo ukivuma, akabadilisha vigae vya mawe huku sigara ikining'inia mdomoni, na akishuka swali lake la kwanza lilikuwa chai iko wapi. Mtu huyo huyo, akiona bahasha ya uchunguzi wa utumbo imeangushwa mlangoni, hakuthubutu hata kuifungua.

Bahasha hizo hutumwa na huduma ya afya kwa kila mtu wa umri wake, kila baada ya miaka miwili, karibu na siku yake ya kuzaliwa. Ndani mna kichupa chenye kijiti kilichoshikamana na kifuniko. Unachovya kijiti kwenye haja yako kubwa, unakirudisha ndani, unaandika tarehe, unatia kwenye sanduku la posta. Hakuna fundi anayehitajika. Clifford alikwisha kutupa tatu kwenye pipa, chini ya maganda ya viazi, na kila mkewe Glenys alipouliza, alijibu kwamba ameshatuma.

Tusimwite mvivu. Mdogo wake, Stanley, alikufa kwa saratani ya utumbo akiwa na miaka hamsini na tisa, na Clifford ndiye aliyekuwa akimfuta uso wiki zile za mwisho. Tangu siku hizo aliamini kwamba asipouliza hataambiwa.

Mwaka huu Glenys alimbana. Wote wawili walizaliwa Februari, wakipishana siku nne, kwa hiyo bahasha zao zilifika asubuhi moja.

"Safari hii tunafanya pamoja," Glenys alisema huku akipaka mkate siagi. "Na kwenye sanduku nazitia mwenyewe. Zile zako tatu sijui ulizituma wapi, maana majibu sijawahi kuyaona."

"Labda posta walizipoteza."

"Zote tatu? Nimeishi na wewe miaka arobaini na mbili, Clifford. Usinifanye mjinga."

Kesho yake Glenys alitangulia. Alikingia haja yake kwenye kopo tupu la plastiki lililokuwa la aiskrimu, kama wafanyavyo majirani wote, akajaza kichupa chake vizuri na kuandika tarehe. Kabla hajamwaga kilichobaki, simu ikalia sebuleni. Alikuwa dada yake wa Cardiff, na dada huyo akianza kuongea hamalizi chini ya dakika ishirini.

Clifford akapanda ngazi na kichupa chake. Tumbo lake lilikuwa limefunga tangu jana kwa woga. Juu ya kifuniko cha choo alilikuta kopo la mkewe, limefunikwa kwa gazeti. Aliliondoa gazeti. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anajikuna shingo: alichovya kijiti chake kwenye kopo la Glenys.

Alijiambia kwamba Glenys ni mzima. Anapanda vilima kila Jumapili, anakula uji wa shayiri kila asubuhi, hospitali hajawahi kulala ila alipojifungua. Haja yake italeta majibu mazuri kwa wote wawili, na nyumba itatulia.

"Umemaliza?" Glenys aliuliza kutoka chini.

"Tayari."

"Umeona? Na ulivyokuwa ukinung'unika."

Baada ya wiki mbili barua ya Glenys ikaja. Alikuwa salama, hakuna kilichoonekana. Aliibandika kwenye friji kwa sumaku waliyonunua likizoni Llandudno. Siku mbili baadaye ikaja ya Clifford. Damu imeonekana, ilisema, na Alhamisi muuguzi atampigia simu kumpangia uchunguzi wa kamera ndani ya utumbo.

Glenys aliisoma mara mbili, akamshika mkono. "Usiogope, mpenzi wangu. Wengi wanaoitwa hawakutwi na saratani." Halafu akalia yeye, kwa sababu ya Stanley.

Clifford akabaki ameduwaa. Haja imetoka kopo moja, majibu yamekuwa mawili. Kama damu imo, mbona kichupa cha Glenys hakikuiona? Kama haimo, kijiti chake kiliipata wapi? Alikagua vidole vyake kimoja kimoja, huenda alijikata. Vilikuwa na makovu ya zamani tu. Akadhani maabara wamechanganya vichupa. Akadhani Mungu ameamua kumwaibisha. Alikwenda uani, akarudi, akaenda tena, na kila alipodhani ameelewa, alijikuta yuko pale pale alipoanzia. Jambo moja tu lilieleweka, nalo ndilo hakulitaka: kama kweli ni damu, basi si yake.

Angeweza kunyamaza. Angeingizwa hiyo kamera, wangemkuta safi, Glenys angefurahi, na hakuna ambaye angejua lolote. Glenys naye angeendelea kupanda vilima na hicho kitu tumboni, huku barua ya kwenye friji ikimwambia ni mzima.

Siku tatu zilizobaki kabla ya Alhamisi Glenys alimdekeza kama mgonjwa. Alimletea chai kitandani, akampikia nyama ya kondoo na viazi, akamwokea keki ya tangawizi. Clifford alikula vyote.

Alhamisi simu ikalia. Glenys akaiweka mezani jikoni, akaongeza sauti ili wasikie wote wawili.

"Bwana Haslam," muuguzi akauliza, "umewahi kuona damu unapokwenda haja?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Ya kwangu mimi sijui. Ile mliyopima haikuwa yangu."

Glenys akageuka. "Ilikuwa ya nani?"

"Yako." Alikuwa akiitazama meza. "Ulipokuwa ukiongea na dada yako. Niliogopa, Glenys. Kila nikiiona bahasha ile namwona Stanley."

"Ulichovya kijiti chako kwenye kopo langu," Glenys alisema polepole. "Halafu ukakaa hapa siku tatu ukila keki yangu."

Muuguzi alikohoa kidogo huko aliko.

"Lakini majibu yangu yalikuwa mazuri," Glenys akamwambia. "Yako hapo kwenye friji."

"Damu haienei sawasawa, Bi Haslam. Kijiti kimoja kinaweza kuigusa, kingine kikaikosa. Naomba sasa niongee na wewe."

Glenys akaichukua simu na kumfungia Clifford mlango wa jikoni. Clifford alisimama ukumbini bila kujua akae wapi katika nyumba yake mwenyewe.

Siku moja kabla ya kamera, Glenys alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, akawa ni mtu wa kukimbilia choo. Clifford alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa, nje ya mlango, tangu saa sita mchana hadi jioni. Neno alilosemeshwa lilikuwa moja tu, "karatasi," naye alizipitisha.

Wiki mbili baada ya kamera waliitwa. Daktari aliwaambia kwamba alikuwa ameondoa vinyama viwili vilivyoota utumboni, na kimoja kilikuwa kimeanza kugeuka saratani. Kilitoka chote. Kingeachwa mpaka bahasha nyingine ije, alisema, mazungumzo yao yangekuwa mengine kabisa.

Glenys ndiye aliyeendesha gari kurudi. Walipofika nusu ya njia alimtupia jicho.

"Ungekuwa mwaminifu, ningekuwa bado nakitembeza kilimani."

"Ndiyo."

"Sijui nikushukuru au nikupige na sufuria."

"Hata mimi sijui."

"Basi nyamaza mpaka nijue."

Mlangoni palikuwa na bahasha mpya, yenye jina la Clifford, iliyotumwa na muuguzi kwa kuwa haja yake mwenyewe ilikuwa bado haijapimwa. Aliiokota, akaigeuza mkononi bila kuifungua. Glenys alivua koti, akafungua kabati, akamkabidhi kopo safi la aiskrimu. Akapanda ngazi nyuma yake hatua kwa hatua, na Clifford alipoingia chooni, yeye akakaa kwenye ngazi ile ya juu.

Mlango ukafungwa.

"Glenys?"

"Nipo."

"Naogopa."

"Najua," alisema. "Na mimi niliogopa humo ndani, nawe ulikaa hapa hapa. Sitoki."