Mwanga Tuliojaza Mchana

Jumamosi iliyopita baba mdogo alinipigia simu niende Kirumba kusaidia kumhamisha bibi. Macho yake yamekwisha, anakwenda kukaa na shangazi huko Kisesa, na nyumba imeshapata mpangaji. Nilipofika, baiskeli ya marehemu babu ilikuwa imetolewa sebuleni, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikwishaweka mizani yake chini.

Wewe uliyekulia kwenye umeme wa kukatika-katika utanielewa. Mtaa ukiingia giza, majirani waliwasha koroboi. Sisi tulimwita babu. Baiskeli yake ilikuwa na dinamo, lakini si ile ya kubana tairi. Hii ilijificha katikati ya gurudumu la nyuma, nene kama kopo la maziwa. Babu aliisimamisha kwenye stendi yake, gurudumu likaning'inia, akavuta waya hadi kwenye taa iliyofungwa juu ya meza, akapanda na kuanza kukanyaga. Ikanguruma taratibu kama nyuki mzingani, na mwanga wa njano ukashukia madaftari yetu na sahani ya sato. Mwanga ule ulikuwa na pumzi. Babu akichoka, unafifia, akicheka, unacheza.

"Mke wangu," aliniita, kwa utani wa babu na mjukuu, "soma upesi, mumeo anazeeka."

Sisi watoto tuliamini mwanga unajazwa, kama maji kwenye pipa. Mchana, bibi akianika dagaa uani, tulipokezana kukanyaga ili jioni usituishie. Mimi, ambaye hata wakati ule nilikuwa na wasiwasi wa kila kitu, niliongeza zamu. Je, umeme usiporudi wiki nzima? Je, babu akiugua? Naye hakutusahihisha. Aligonga gurudumu kwa kidole, akatega sikio kama mtu anayepima mtungi, akasema, "Leo imejaa."

Alipougua kweli, nilikanyaga kila mchana hadi jioni. Alifariki wakati wa mvua za vuli, na hakuna aliyewasha tena taa ile. Kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia alituambia kuwa dinamo haihifadhi kitu. Gurudumu likisimama, umeme umekwisha. Wenzangu waliandika. Mimi nilitazama nje ya dirisha mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Siku hizi mtaani kuna taa za sola, zinazohifadhi kweli. Hakuna anayelazimika kuchoka ili mwenzake aone.

Njia nzima ya kwenda Kirumba nilikuwa nikiwaza pa kuiweka baiskeli. Nina shahada, sina kazi, na chumba ninachochangia na rafiki yangu mtaa wa Mirongo kinatutosha kwa shida. Chini ya kitanda haiingii. Kwenye korido mwenye nyumba atafoka. Nilifika bila jibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kugombea mali ya mume wetu?" Alinyoosha mkono, akapapasa hewa mpaka akaupata usukani. "Panda basi. Niisikie kabla haijaondoka."

"Bibi, taa yenyewe haipo."

"Nani kakuomba taa? Taa mimi ya nini?"

Nikaiinua kwenye stendi, nikapanda. Mnyororo ulilia kwa kutu, kisha ukaja ule mngurumo. Bibi aliinamisha kichwa.

"Unakimbia," alisema. "Mume wetu hakuwa na haraka."

Nikapunguza. Mnunuzi wa vyuma alikaa kizingitini, akavua kofia. Baba mdogo ndiye aliyetazama simu yake.

"Mama, dereva anasubiri."

"Mwache mtoto," bibi akajibu, mkono ungali kwenye usukani. "Bado haijajaa."

Nikaendelea kukanyaga, polepole, kwa mwendo wa babu, kwa sababu nilijua nikisimama itakuwa imekwisha.