Rula ya Bi Kovarik

Kwa miaka thelathini Darlene Kovarik alikuwa karani wa programu ya wanafunzi bora katika chuo kikuu kimoja cha Nebraska, na miaka yote hiyo aliwachukia wanafunzi hao bila kificho. Kila tasnifu aliipima pambizo zake, zile nafasi tupu za kando ya maandishi, kwa rula ya mbao. Zikipungua hata kidogo, anairudisha, na asiyechapa upya kwa wakati havai medali ya programu siku ya mahafali.

Siku ya mwisho ya kupokea tasnifu, dakika kumi kabla ofisi haijafungwa, Thatcher Lindqvist aliweka yake mezani. Nyuma yake alisimama baba yake, ndani ya suti ya bei mbaya.

Darlene akapima. "Imepungua. Kachape upya."

"Lakini zimebaki dakika kumi!" kijana akalalama.

"Basi kimbia."

Baba akapiga meza. "We mama, una roho gani? Yaani umkoseshe mtoto medali kisa upana wa ukucha? Unanijua mimi?"

"Nakujua sana. Lindqvist, mwaka tisini na nane. Na yako ilipungua. Ulinililia hapo hapo uliposimama, kamasi mpaka kidevuni, nikakuonea huruma nikaipokea."

Kijana akageuka kumtazama baba yake.

"Tangu siku hiyo," Darlene akasema, huku akiirudisha rula kwenye droo, "sijamwonea huruma mtu mwingine. Nilijua tu utazaa mwingine kama wewe."