Blanketi la Paskali

Kila kipupwe, upepo unapotoka ziwani na kupandisha vumbi la barabara mpaka ndani ya sufuria, jirani zangu huchemsha majani ya mkaratusi. Harufu yake hupita juu ya ua wa matete na kunikuta nimekaa na rozari yangu. Wengine huipenda, husema inafungua kifua. Changu hukifunga. Kabla sijamaliza fungu moja la rozari nimekwisha kurudi katika nyumba yetu ya kambi ya reli, hapa Kalemie, na ninamwona mdogo wangu Paskali amefungwa katika blanketi la buluu, imebaki pua tu.

Niwaeleze kwanza habari za blanketi hilo, maana nyumba nzima ilijivunia. Papa alifanya kazi kwenye treni za kwenda Kabalo, naye alilinunua kwa mfanyabiashara aliyevuka kutoka Kigoma. Lilikuwa zito, lenye ukingo mweupe wa kung'aa, na lilinukia duka hata baada ya kufuliwa. Mama alilitunza kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tumboni. Paskali alizaliwa baridi ilipoanza kuuma, na hapo Nkambo, yaani bibi yetu mzaa baba, akatoa amri ya kwao: mtoto wa kipupwe asionwe na upepo mpaka mvua ya kwanza inyeshe.

"Upepo unajuaka jina ya mutoto mbele padri hajaijua," alituambia.

Basi Paskali alibadilishwa nguo harakaharaka chini ya kitenge, mlango umefungwa. Alinyonya akiwa amefungwa, akalala amefungwa. Hata ubatizo wake uliahirishwa, kwa kuwa madirisha ya kanisa letu hayakuwa na vioo.

Mafua yalipokuja hayakuchagua nyumba. Kalemie nzima ilikohoa. Kanisani mahubiri yalimezwa na vikohozi, na siku moja padri mwenyewe alipiga chafya katikati ya baraka, nasi watoto tukaitikia "Amina" kwa nguvu zote. Nyumbani Mama alitunywesha maji ya moto yenye ndimu, akatupenga makamasi, akatuinamisha juu ya sufuria ya mkaratusi tumefunikwa shuka, mpaka macho yakatutoka machozi. Paskali, kwa uchanga wake, Mama alimpangusa pua kwa kitambaa safi na kumnyonyesha mara kwa mara. Sisi wakubwa tukapona. Paskali hakupona.

Nkambo akambeba mpaka karibu na dirisha lililofungwa, akamfungua kinywa kwa mpini wa kijiko, akachungulia kwa muda mrefu.

"Hii haiko mafua ya bure," alisema. "Hii njo kilimi. Kimeshuka, kinamukuna koo."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kinywa. Kwetu, kikohozi kilichokataa kuisha kilikuwa na jina hilo, na dawa yake ilikuwa moja: kuitwa Mama Feza, mama wa mtaa wa pili, aliyekuwa na kisu kidogo kilichopinda cha kukikatia. Mama yangu alikiogopa kisu hicho. Lakini alikuwa mke katika nyumba ya watu, hakuweza kumwambia mama mkwe wake hapana. Akasema lile ambalo mke anaruhusiwa kusema:

"Tungojee kwanza papa yake arudi."

Nkambo akamrudisha mtoto mikononi mwa Mama. Kisu hakimgusi mtoto kabla baba hajasema. Tangu hapo nyumba ikawa na swali moja tu, kukata au kutokukata. Kila aliyekuja kutusalimu aliombwa achungulie kinywani mwa Paskali, na kila mmoja alitoa hukumu yake. Chini ya kidevu hakuna aliyetazama. Kulikuwa na blanketi.

Mimi nilimbeba mgongoni ili Mama apate kupika. Nilizoea kuzisikia pumzi zake kupitia blanketi, za polepole, kama za paka aliyeshiba. Asubuhi moja zilikuwa fupi na za haraka sana.

"Mama," nikaita, "Paskali anakimbia huku mugongoni."

Nkambo alicheka, na kicheko chake kikaishia katika kikohozi. "Anakimbia wapi, na hata kutambaa hajui? Umubembeleze, achoke alale."

Nikambembeleza. Akanyamaza, nasi tukafurahi kwamba amelala.

Papa alirudi mchana, ananukia mafuta ya mashine. Aliwasikiliza wote wawili akiwa amesimama, kofia mkononi, kisha akasema, "Kukata, hapana. Tumupeleke kwa masista."

"Basi mumufunge muzuri," Nkambo alijibu. "Njia yote ile ni upepo mutupu."

Tukaongeza kitenge juu ya blanketi. Nilitembea nyuma ya Papa na Mama mpaka zahanati ya masista, nikishika ncha ya kitenge isipeperuke.

Sista muuguzi alikuwa mzee, na Kiswahili chake kilikuwa cha ziwa kama chetu. Mama alianza kumwonyesha kinywa cha mtoto, lakini yeye hakukitazama.

"Fungua," alisema.

Mama akalegeza ukingo mmoja.

"Fungua yote, Mama."

Ndipo tulipomwona Paskali. Kila alipovuta pumzi, nyama chini ya mbavu zake ilizama ndani, kana kwamba mtu aliyejificha tumboni anaivuta kwa kamba. Pua zilitanuka. Upepo ulimpiga kifuani, naye hakuwa na nguvu ya kuulilia.

"Anapumua hivi tangu lini? Ananyonya?"

"Tangu asubuhi anaacha ziwa," Mama alijibu. "Kupumua, sijui. Hatukumufunua."

Sista alimchoma sindano upesi. Kisha akaweka kidole chake chini ya mbavu za mdogo wangu, akasema kwa sauti ya chini, bila ukali, "Kikohozi hakisikilizwi tu, Mama. Kinaangaliwa. Ugonjwa wa mapafu unajionyesha hapa."

Baadaye alimtazama mtoto usoni, akauliza kama amebatizwa. Papa akatikisa kichwa. Sista akachukua kikombe cha kunyweshea dawa, akammiminia maji, akamwita Paskali mbele ya Mungu, dirisha likiwa wazi. Kabla ya jua kuzama Paskali alikuwa amekwenda kwa Mungu.

Nkambo alilifua blanketi yeye mwenyewe, akalianika kwenye upepo, na sikumsikia tena akiutaja upepo huo. Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini sisi hatukuficha, tulifunika. Tofauti hiyo ninaiweka mbele ya Mungu katika sala mpaka leo, na ninashukuru kwamba Yeye anaijua.

Mama ndiye aliyebadilika. Kila kipupwe, baada ya misa, alisimama karibu na mlango wa kanisa. Akisikia mtoto mchanga anakohoa, alimwendea mama yake: "Fungua kidogo, nione." Wanawake walimpa jina. "Mama Fungua huyo anakuja, mukaze vitenge!" waliambiana, wakicheka, na wengine walikasirika kweli. Yeye aliinama, akatazama kimya, pumzi baada ya pumzi. Mara nyingi alisema, "Rudi nyumbani, umunyonyeshe sana." Mara nyingine alisema, "Twende kwa masista sasa hivi," akafuatana nao huku ugali wetu ukingoja.

Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani anamtafuta Paskali katika mablanketi ya watu. Niliogopa kwamba huzuni imemharibu kichwa. Nilipozaa mimi mwenyewe, naye akanishika kidole na kukiweka chini ya mbavu za mwanangu, ndipo nilipojua alichokuwa akikitafuta.

Jana harufu ya mkaratusi ilipovuka ua, nilisikia na kikohozi kidogo cha mtoto mchanga. Nikachukua fimbo yangu, nikaenda kwa jirani. "Fungua kidogo, binti yangu." Kifua kilipanda na kushuka taratibu, mbavu zimetulia. Nikamfunika tena, ukingo kwa ukingo, na mikono yangu ikakawia hapo.

Mama naye alikawia hivyo. Alifunua kwa haraka, akafunika polepole sana. Nadhani hata nilipokuwa mtoto, nikisema moyoni kwamba anamtafuta Paskali, sikuwa nimekosea yote.