Mche wa Tatu Kabatini

Kosa langu la kwanza lilikuwa maji. Niliiua miche miwili ya bangi ndani ya wiki tano, mmoja baada ya mwingine, na yote miwili niliiua kwa kuijali. Niliimwagilia asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi, bila kukosa hata siku moja, na kila nilipomaliza niliweka alama ya vema kwenye daftari. Majani yalipolegea nilidhani ni kiu, nikaongeza maji. Yalipogeuka manjano nikaongeza tena. Nilipoung'oa mche wa pili kutoka kwenye chungu, mizizi ilikuwa ya kahawia na ilinuka kama tambara la kudekia lililosahaulika ndooni.

Daftari langu lilikuwa safi lakini. Vema tupu, kutoka juu hadi chini.

Nilisoma shule ya msingi Dodoma mpaka nilipofikisha miaka kumi na miwili, na aliyesoma huko ataelewa. Kila mwanafunzi alikuja shule na kidumu cha maji, na kila mmoja alikabidhiwa mche wake kando ya njia ya kuingilia. Wangu ulikuwa mwarobaini. Tulimwagilia asubuhi kabla ya mstari na jioni kabla ya kuruhusiwa, na mwalimu wa zamu alipita na fimbo yake akichomeka kidole kwenye udongo wa kila shina. Udongo ukiwa mkavu, mwenye mche anaitwa mbele. Wakati fulani niliugua malaria wiki nzima. Niliporudi, mche wangu ulikuwa umekauka, nikachapwa viboko vitatu mstarini mbele ya shule nzima. Malaria haikuhesabika kuwa sababu. Tangu siku ile sijaweza kuona udongo mkavu nikatulia. Sasa nina miaka kumi na mitatu Toronto, ghorofa ya kumi na moja huku Etobicoke, maji yanatoka bombani saa zote, na kidole kile bado nakihisi.

Watu wa rika langu wakiniuliza kwa nini nilianza kuotesha bangi, huwa nasema ni udadisi. Siyo kweli. Navuta, ndiyo, kidogo, siku za mapumziko, lakini duka lipo hatua chache kutoka kituo cha basi na sikuwa na haja ya kujisumbua. Nilichohitaji ni kumaliza kitu. Nimeacha chuo mara mbili. Sikufeli. Niliacha kwa sababu sikuweza kukabidhi kazi yenye kasoro, na kazi zangu zote zilikuwa na kasoro. Kuna insha ambayo niliandika na kufuta aya yake ya kwanza mpaka tarehe ya kuiwasilisha ikapita, na sikuwahi kuifikia aya ya pili. Chini ya kitanda changu kuna gitaa lenye nyuzi nne. Kuna sweta lenye mkono mmoja. Anayeijua orodha nzima ni mama, kwa sababu tunaishi wawili tu.

Mama anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Nilimwomba ruhusa asubuhi moja tukinywa chai, kabla ya mche wa kwanza.

"Bangi?" alisema. "Humu ndani? Na kanisani, kwenye jumuiya, nitaitwaje? Mama Bangi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza kwamba sheria ya hapa inamruhusu mtu mzima, mradi miche isizidi minne kwa nyumba. Mkataba wa pango nilikuwa nimeusoma mara tatu na haukukataza. Nilimletea, nimeupigia mistari kwa kalamu ya kijani. Aliusoma wote, na miwani yake. Nadhani kilichomlainisha si mkataba. Baadhi ya wazee anaowahudumia hupewa mafuta ya mmea huo kwa maelekezo ya daktari, na yeye mwenyewe ndiye huwawekea kwenye kijiko.

"Kabatini kwako," alisema. "Sebuleni nisiuone."

Kwa hiyo nilinunua hema dogo la kuoteshea, taa na feni, nikahamisha nguo zangu kwenye masanduku. Kisha nikaua miche miwili kama nilivyosema. Wa pili ulipokufa nilianza kulikunja hema. Mama alikuwa mlangoni, amevaa sare ya kazi, ananitazama.

"Na hiki nacho?" aliuliza.

"Mama, sina mkono wa mimea."

"Hukuwa na mkono wa gitaa. Hukuwa na kichwa cha chuo. Sasa nisikilize, baba. Otesha wa tatu. Huo uufikishe mwisho, uwe mzuri, uwe mbaya, mimi sijali. Ukiuacha njiani, habari za kurudi chuo usiniletee tena. Nimechoka kuwaambia watu mwanangu anasoma."

Hakupandisha sauti. Nikaanza kulikunjua hema.

Kwa mche wa tatu nilijifunza upya kila kitu. Kazini Malton, kwenye ghala la mizigo ya ndege, wakati wa mapumziko nilisoma maswali ya watu wasiojuana wanaojibizana mtandaoni kuhusu mizizi. Karibu wote walisema jambo moja: usiangalie udongo wa juu, nyanyua chungu. Kikiwa kizito, ondoka. Kikiwa chepesi, mwagilia.

Siku ya kwanza ya kuondoka ilikuwa ngumu kuliko kazi ya ghalani. Udongo wa juu ulikuwa umepauka. Nilifunga zipu ya hema, nikashuka chini, nikazunguka jengo letu mara nne kwa miguu. Niliporudi nilifanya jambo ambalo naona aibu kidogo kulisema: nilichora safu mpya kwenye daftari, nikaipa jina "Sikumwagilia," nikaweka vema.

Ilisaidia. Kutomwagilia kukawa nako ni kazi, na kazi najua kuifanya.

Mmea ulikua. Sijui nieleze vipi furaha ya kufungua zipu asubuhi na kukuta jani ambalo jana halikuwepo, limekunjuka lote, meno yake yamepangika kama yamekatwa kwa mkasi. Ulipofika kiunoni, nilipunguza saa za mwanga ili utoe maua, kama nilivyosoma. Baada ya siku kadhaa kwenye kifundo cha shina niliona nyuzi mbili nyeupe, nyembamba kuliko unywele. Ni dalili ya jike, na jike ndilo lenye maua yanayotakiwa. Nilimwita mama bila kufikiri. Alikuja, akainama, akasema, "Haya, hongera, umepata binti," akarudi kwenye maharage yake.

Kisha ikaja harufu. Maua yalipojaa, kabati lilianza kunuka ganda la chungwa lililochanganyika na mafuta ya taa, na kichujio cha hewa nilichonunua kwa mtu kilikuwa kimechoka. Niliagiza kipya, kikachelewa njiani. Sikuhangaika sana. Jumuiya yetu ya kanisa husali nyumba kwa nyumba, kwa zamu, Jumamosi moja katika kila mbili, na zamu yetu ilikuwa mwezi uliofuata. Nilikuwa nimepiga hesabu: tutavuna, tutafungua madirisha, ndipo watu waje.

Basi, mama mmoja wa jumuiya aliyekuwa na zamu akateleza kwenye barafu na kuvunjika mguu. Jumanne jioni mama yangu aliingia, koti bado mwilini, akanitangazia kwamba amewaambia watu Jumamosi waje kwetu.

"Mama, Jumamosi haiwezekani."

"Kwa nini isiwezekane? Mchele upo, kuku wapo."

"Mama, nusa."

Alinusa. "Si wale vijana wa ghorofa ya chini?"

"Ni sisi."

Aliketi na koti lake. Nilimwambia ningeukata mmea jioni hiyohiyo, na mkasi ulikuwa tayari mkononi mwangu. Hapa niseme ukweli wote: nilifurahi. Nilikuwa na hofu na siku ya kuvuna, kwamba nitakuta maua mepesi, yenye ukungu, ya mtu asiyejua. Nikikata mapema kwa ajili ya jumuiya, hakuna ambaye angenilaumu. Ningekuwa nimeacha na sababu ninayo.

"Umekomaa?" mama aliuliza.

"Bado. Siku tisa, labda kumi."

"Ukiukata leo, atakuwa ameuacha nani? Mimi au wewe?"

Niliufungua mkasi, nikaufunga.

"Weka mkasi," alisema. "Watu nitawakaangia dagaa."

Na kweli aliwakaangia. Jumamosi alianza kukaanga tangu saa nne asubuhi, madirisha wazi, theluji ikiingia mpaka kwenye zulia. Watu walikuja, wakakaa na makoti yao. Mwenyekiti wetu ni mama mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule ya msingi maisha yake yote kabla ya kuhamia huku kwa wanawe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona madirisha wazi, mnataka kutuzika?"

Tuliimba, tukasoma, tukasali. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye matangazo. Mwalimu alifunga kitabu, akainua pua.

"Dagaa nawajua," alisema. "Hiki kingine ni nini?"

Watoto pembeni walitazamana wakacheka. Mmoja alianza kueleza kwa Kiingereza, mama yake akamfinya. Mimi nilikuwa nimekwishatunga uongo kuhusu majirani. Mama alikuwa anaitazama mikono yake, na nilijua kwamba heshima yake yote ya miaka kumi na mitatu katika kundi hili ilikuwa pale kwenye zulia, kwa ajili yangu.

"Ni mmea wa mwanangu," alisema. "Bangi. Sheria inaruhusu. Anauotesha kabatini, na bado haujakomaa, ndiyo maana nimemkataza kuukata."

Mtu alisema, "Yesu na Maria." Mwalimu alisimama.

"Nionyeshe."

Tulikwenda, yeye mbele, mimi nyuma, na nusu ya jumuiya kwenye korido. Nilifungua zipu. Alikinga macho dhidi ya taa. Aliinua jani moja, akatazama chini yake kama anayetafuta wadudu. Akaminya shina. Kisha akakunja mkono wa koti na kuchomeka kidole kwenye udongo.

Nilikuwa na miaka tisa tena.

"Mkavu huu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa nini mkavu?"

Kopo la kumwagilia lilikuwa miguuni pangu, limejaa. Ningeinama tu, yangekwisha. Sauti iliyotoka haikuwa ya mwanaume wa miaka ishirini na mitano.

"Ni juu tu, Mwalimu. Chini kuna unyevu. Nikiumwagilia leo nitauharibu. Siku yake ni Jumatatu."

"Unanibishia?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nyanyua chungu, utaona."

"Leo atachapwa huyu!" baba mmoja alisema koridoni, na watu wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Alishika chungu kwa mikono miwili, akakinyanyua kidogo, akatulia nacho, akakirudisha taratibu.

"Kizito," alisema. Alipangusa kidole chake kwa kitambaa. "Nimechapa watoto wengi kwa udongo mkavu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ninyanyue." Kisha akanitazama kwa jicho lilelile la mstarini. "Kilimo umefaulu. Maadili tutazungumza. Na usidhani nitauombea huo. Nitakuombea wewe."

"Asante, Mwalimu."

"Na daftari analo!" Ilikuwa sauti ya mama, kutoka nyuma ya watu wote. "Mwonyeshe Mwalimu daftari, baba. Kila siku kaandika!"

Nimewahi kupewa vyeti na mama akaviweka kwenye droo. Daftari lile alilipitisha mkono kwa mkono mpaka sebuleni, likarudi na doa la mafuta ya dagaa kwenye ukurasa wa "Sikumwagilia." Doa hilo sikulifuta, na wala sikuunakili ukurasa upya. Wanaonijua wanaelewa maana yake.

Nilivuna siku ya kumi tangu Jumanne ile, asubuhi ya siku yangu ya mapumziko. Kwa lenzi niliona vitone vidogo juu ya maua vimegeuka kutoka uwazi wa kioo na kuwa vyeupe kama maziwa, nikakata. Nilitundika matawi kwenye kamba, kichwa chini, mpaka yakakauka, kisha nikayaweka kwenye chupa mbili za kioo. Ya pili haikujaa. Maua ya chini yalikuwa mepesi kwa sababu mwanga haukuyafikia, na majani mawili yalikuwa na ncha zilizoungua kwa mbolea niliyozidisha. Niliandika kasoro zote kwenye daftari, halafu nikasimama mbele ya chupa zile kwa muda mrefu na sikutamani kurudi nyuma kurekebisha chochote. Zilikuwa zangu, na zilikuwa zimekwisha.

Mama alizinusa, akakunja uso, akasema, "Zisikae karibu na majani ya chai." Kisha akampigia simu dada yake Dodoma na kumwambia mwanawe amevuna. Amevuna nini, hakusema.

Nimerudi chuo. Wiki iliyopita niliwasilisha insha yenye aya moja nisiyoipenda, siku mbili kabla ya tarehe. Kabatini kuna mche wa nne. Udongo wake leo ni mkavu juu, na sijaumwagilia.